Bima ya Nyumba Kwenye Ukanda wa Moto California: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi

Ukurasa huu ni kwa ajili ya ndugu zetu wa Sacramento wanaotazama nyumba za vilimani kule Placer na El Dorado, wale wa San Diego wanaotazama Alpine na Ramona, na yeyote anayenunua mahali ambapo uwanja ni mpana, bei inavutia, na majani hukauka kila kiangazi. Ushauri wetu wote unatoka kwenye jambo moja: ulizia bima kwanza, bei ya nyumba baadaye.

Nianze kutafuta bima lini?

Kabla ya kutoa ofa. Wengi huiacha hadi wiki ya mwisho, mkopo umeshaidhinishwa na watoto wameshagawana vyumba, ndipo wanapoambiwa kampuni tatu zimekataa. Chukua anwani ya nyumba, mpigie dalali wa bima anayefanya kazi na kampuni nyingi, umwombe makadirio ya anwani hiyo hiyo, si ya mtaa kwa jumla. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kupewa majibu tofauti kabisa: moja imeezekwa vigae na inapakana na barabara, nyingine imeinamiwa na misonobari na nyuma yake ni bonde. Makadirio hayo ni bure.

Ukishatoa ofa, wakala wako wa nyumba aandike kwenye mkataba sharti la bima: kwamba usipopata bima kwa bei unayoimudu ndani ya muda mliokubaliana, unaruhusiwa kujitoa na kurudishiwa arubuni yako. Usiliondoe sharti hilo mpaka uwe na barua ya kampuni mkononi. Wanunuzi wakiwa wengi utashawishiwa uliache ili ofa yako ipendeze. Kwenye ukanda wa moto, ni afadhali uache masharti mengine yote kabla ya hilo.

Kwani bima inaweza kubadilisha hesabu yangu kiasi gani?

Kuliko watu wanavyodhani. Benki inapopima uwezo wako inajumlisha marejesho ya mkopo, kodi ya serikali kwa nyumba hiyo na bima ya kila mwezi. Tuseme bima ya nyumba ya mjini ni dola 1,800 kwa mwaka, na ya nyumba ya kilimani ni dola 7,800. Tofauti ni dola 6,000, yaani 500 kila mwezi. Kwa mkopo wa miaka 30 wenye riba ya asilimia 7, hizo 500 zingebeba mkopo wa dola 75,000 hivi. Kwa hiyo nyumba ya kilimani iliyopungua bei kwa dola 50,000 inaweza kuwa ghali kuliko ile uliyoikimbia mjini. Na bei ya bima, tofauti na riba uliyoifunga, inaweza kupanda kila mwaka.

Nitajuaje kama nyumba iko eneo la hatari?

Idara ya zimamoto ya jimbo, CAL FIRE, ina ramani iliyo wazi kwa umma yenye ngazi tatu za hatari: wastani, juu, na juu sana. Ramani za maeneo yanayolindwa na jimbo zilianza kutumika upya Aprili 2024, na za miji zilitolewa mapema 2025, zikaingiza mitaa mingi ambayo zamani haikuwamo. Muuzaji naye anatakiwa kisheria kukupa tamko la hatari za asili linalosema kama nyumba imo. Tangu Julai 2021, anayeuza nyumba kwenye ngazi ya juu au ya juu sana anatakiwa pia kuonyesha hati kwamba eneo linaloizunguka limesafishwa inavyotakiwa, au mkubaliane kwa maandishi kwamba wewe mnunuzi utalisafisha ukishanunua. Idai hati hiyo mapema. Dalali wa bima ataitumia.

Lakini usiishie kwenye ramani. Kampuni za bima hupima kwa mifumo yao wenyewe: mteremko, aina ya majani, upepo, umbali hadi kituo cha zimamoto na bomba la maji, idadi ya barabara za kutokea. Nyumba iliyo nje ya maeneo ya hatari kwenye ramani inaweza kukataliwa, na iliyo ndani ikakubaliwa.

Mbona kampuni zinakataa nyumba ambayo haijawahi kuungua?

Kwa sababu zinaogopa mtaa mzima kuungua siku moja. Oktoba 2017 moto wa Tubbs uliruka barabara kuu ya njia sita na kuteketeza Coffey Park, mtaa wa kawaida wa mjini Santa Rosa. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Novemba 2018, moto ulioitwa Camp Fire uliua watu 85 na kuangamiza majengo zaidi ya 18,000 kwenye mji wa Paradise na vitongoji vyake. Kampuni ndogo ya bima iliyokuwa na wateja wengi huko ilifilisika. Januari 2025 moto wa Palisades na wa Eaton, Los Angeles, ukaondoka na majengo zaidi ya 16,000.

Pamoja na hayo kuna sheria ya Proposition 103 ya mwaka 1988, inayozitaka kampuni zipate kibali cha kamishna wa bima kabla ya kupandisha bei. Sheria hiyo imewaokolea wananchi fedha nyingi. Ila gharama za moto zilipopanda kwa kasi, kampuni kadhaa ziliona heri kupunguza wateja kuliko kusubiri vibali. State Farm, kubwa kuliko zote jimboni, iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba Mei 2023, na Machi 2024 ikatangaza kutohuisha bima 72,000 za nyumba na majengo ya kupangisha. Mwishoni mwa 2024 kanuni zilibadilishwa: kampuni zinaweza kukadiria hatari ya moto kwa mifumo ya kompyuta inayotazama mbele, nazo zinatakiwa kuongeza wateja kwenye maeneo magumu. Hivyo jibu la mwaka juzi si lazima liwe jibu la leo. Uliza tena.

Muuzaji ana bima nzuri ya bei nafuu. Siwezi kuirithi?

Hapana, bima humfuata mwenyewe, haifuati nyumba. Hata hivyo mwulize anakatia kampuni gani, kisha uanzie hapo. Kampuni inayoijua nyumba hiyo wakati mwingine hukubali mmiliki mpya. Mwombe pia ripoti ya madai ya nyuma ya nyumba hiyo. Wewe kama mnunuzi huwezi kuiagiza, ila yeye anaweza. Madai mawili ya maji yaliyovuja yanaweza kukukosesha bima hata kama habari ya moto haipo.

Nikikosa kampuni, naweza kununua bila bima?

Ukilipa taslimu, hakuna sheria ya kukuzuia. Ukikopa, benki haitatoa fedha bila kuiona hati ya bima. Na usifikirie kukata bima ya siku ya kununua kisha kuiacha: benki itakukatia yenyewe na kukutoza. Bima ya namna hiyo huwa ghali, inalinda fedha za benki kwanza, na kwa kawaida haigusi vyombo vyako wala pa kulala familia nyumba ikiungua.

FAIR Plan ni nini hasa? Wengine wanasema ni bima ya serikali.

Si ya serikali, wala hailipwi kwa kodi za wananchi. California FAIR Plan iliundwa kwa sheria mwaka 1968. Kampuni zote zenye leseni ya bima za mali jimboni ni wanachama wake kwa lazima, na hugawana faida na hasara kulingana na ukubwa wa biashara zao. Kazi yake ni kumpokea aliyekataliwa kwingine. Idadi ya bima zake imeongezeka kupita kiasi: mwaka 2025 ilikuwa imevuka laki tano.

Ielewe vizuri kabla ya kutia saini, maana hapa ndipo wengi hudhani wamefunikwa kumbe mgongo uko nje. Hati ya msingi ya FAIR Plan inalipa hasara ya moto, radi, moshi na mlipuko wa ndani. Basi. Wizi haumo. Bomba lililopasuka jikoni halimo. Mgeni aliyeteleza kwenye ngazi zako akavunjika mguu na kukushtaki, hayumo. Upepo na uharibifu wa makusudi unaweza kuviongeza kwa malipo. Tena, usipochagua nyongeza ya gharama kamili, unalipwa thamani ya kitu baada ya kuchakaa: paa la miaka 20 linahesabiwa kama paa la miaka 20. Kiwango cha juu kwa makazi ni dola milioni 3, jengo, vyombo na vingine vyote kwa pamoja.

Ndiyo maana wengi hununua bima ya pili, ya kuziba mapengo, inayobeba wizi, maji na madai ya watu. Mwombe dalali akupe bei za zote mbili siku moja, uzijumlishe, halafu ndipo ulinganishe na kampuni ya kawaida. Bei ya FAIR Plan peke yake ni nusu ya habari.

Hofu nyingine inayotajwa ni kwamba FAIR Plan inaweza kuishiwa fedha. Baada ya moto wa Januari 2025, kamishna Ricardo Lara aliiruhusu ikusanye dola bilioni 1 kutoka kampuni wanachama, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa zaidi ya miaka 30, na kampuni zikaruhusiwa kuomba kuwatoza wateja wao hadi nusu ya fedha hizo. Madai yalilipwa. Lakini ndiyo sababu hata jirani aliye mbali na msitu anaweza kuuona mzigo huu kwenye bili yake.

Ukishaingia FAIR Plan usijisahau humo. Kila mwaka, miezi mitatu kabla ya kuhuisha, mtume dalali wako aulize tena sokoni.

Dalali ameniletea kampuni isiyo na leseni ya California. Ni matapeli?

Si lazima. Kuna kampuni za nje ya mfumo wa kawaida zinazoruhusiwa kuuza kupitia madalali maalumu pale kampuni zenye leseni zinapokataa. Baadhi hutoa ulinzi mpana kuliko FAIR Plan. Tofauti kubwa ni hii: zikifilisika, mfuko wa dhamana wa jimbo hauwalipi wateja wake. Bei zake pia hazipiti kwa kamishna, na masharti ya hati yanaweza kuwa makali. Jina la kampuni liangaliwe kwenye orodha ya idara ya bima ya California, na usome kwa makini ukurasa unaohusu moto wa nyikani.

Nikate bima ya kiasi gani? Nyumba nimenunua dola 550,000.

Bei ya ununuzi isikuongoze. Umelipia ardhi pamoja na jengo, na ardhi haiungui. Kinachohitajika ni gharama ya kulijenga upya jengo hilo hapo hapo, kwa fundi wa leo na mbao za leo. Vilimani gharama hiyo mara nyingi huzidi bei ya ununuzi. Kwa mfano, nyumba ya futi za mraba 1,800, mkandarasi akitaja dola 400 kwa futi, ni dola 720,000. Ukiwa na hati ya 550,000 unabaki na shimo la 170,000, na mkopo wa benki unaendelea kudaiwa kama kawaida.

Kampuni hukadiria kwa programu ya kompyuta, na programu hulishwa majibu yako. Ukisema sakafu ni ya kawaida kumbe ni mbao ngumu, umejipunja. Mpigie mkandarasi wa eneo hilo, umwulize bei ya futi ya mraba, ulinganishe. Kisha angalia mambo mawili kwenye hati.

La kwanza ni nyongeza ya asilimia juu ya kiwango cha jengo. Mtaa mzima unapoungua, mafundi huwa adimu na bei hupaa. Nyongeza ya asilimia 25 juu ya 720,000 inakufikisha 900,000. Zipo za asilimia 50. Kwa maoni yetu, hii ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote kwenye bima ya ukanda wa moto. Ukibanwa, ongeza sehemu ya hasara ndogo utakayobeba mwenyewe ili bili ishuke, lakini hii usiiguse.

La pili ni fedha za kufuata kanuni mpya za ujenzi. Nyumba ya mwaka 1975 hairuhusiwi kujengwa upya kama ilivyokuwa. Tangu 2008 California ina kanuni maalumu za nyumba za ukanda wa moto, za paa, kuta, madirisha na matundu ya hewa, na kuna vinyunyizio vya maji ndani ya nyumba mpya. Bila kifungu hicho, tofauti inatoka mfukoni mwako.

Nifanye nini nyumba ikubalike, au bei ishuke?

Anza kwa kujua nyumba zinavyoungua. Nyingi haziguswi na ukuta wa moto unaouona kwenye televisheni. Zinachomwa na cheche zinazorushwa na upepo, wakati mwingine zaidi ya maili moja mbele ya moto wenyewe. Cheche hutua kwenye majani makavu ya mfereji wa paa, huingia kwenye tundu la hewa la dari, hujibanza chini ya baraza la mbao, na nyumba huanza kuungua kwa ndani. Kwa hiyo fedha zako za kwanza ziende kwenye futi 5 zinazoizunguka nyumba. Ndani ya futi hizo pasiwe na kitu kinachoshika moto: ondoa matandazo ya magome ya miti, vichaka chini ya madirisha, kuni, mkeka wa mlangoni wa nyuzi, na kipande cha uzio wa mbao kinachogusana na ukuta. Weka kokoto au saruji. Kutoka futi 5 hadi 30, punguza miti na kufagia majani makavu. Hadi futi 100, au mpaka wa kiwanja chako, fyeka nyasi.

Halafu matundu ya hewa: yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi sehemu moja ya nane ya inchi, au ununue yaliyotengenezwa kuzuia cheche. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi. Paa ndilo ghali, ila paa la vigae vya mbao kwenye ukanda huu hatukushauri ulinunue hata muuzaji akupunguzie.

Tangu Oktoba 2022, kanuni ya jimbo inayoitwa Safer from Wildfires inazitaka kampuni zitoe punguzo kwa kazi hizi. Kiasi hutofautiana na mara nyingi si kikubwa, basi usitegemee kurudisha gharama ya paa kwa mwaka mmoja. Faida yake kubwa ni kukubaliwa. Piga picha kabla na baada, tunza risiti. Kanuni hiyo hiyo inakupa haki ya kujua alama ya hatari ambayo kampuni imeipa nyumba yako, kuelezwa imetokana na nini, na kuikatia rufaa ikiwa na makosa. Wachache sana huitumia haki hii. Itumieni.

Ninanunua kondo. Hayo yananihusu?

Ndiyo, kwa njia nyingine. Jengo linakatiwa bima na chama cha wenye nyumba, wewe unakatia vya ndani. Omba nakala ya bima ya chama. Kama ni ndogo kuliko gharama ya jengo, pengo watachangishwa wenye vyumba. Kwenye hati yako ongeza kifungu cha michango hiyo.

Je, tope na mafuriko baada ya moto?

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko wala maporomoko ya tope, na tetemeko la ardhi lina bima yake. Kilima kilichoungua hakishiki maji: tarehe 9 Januari 2018, wiki chache baada ya moto wa Thomas, tope liliua watu 23 Montecito. Pale moto ndio chanzo kikuu cha tope hilo, sheria ya California inaweza kuilazimisha bima ya nyumba ilipe, lakini utabishana nayo. Bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30; ukiikata wakati wa kununua kwa mkopo, muda huo wa kusubiri huondolewa. Ndiyo nafasi nzuri ya kuikata.

Nimeshanunua. Kampuni inaweza kuniacha mwaka ujao?

Inaweza kukataa kuhuisha, ila ikupe taarifa siku 75 kabla. Siku hizo usizipoteze kwa kusikitika. Mpigie dalali siku hiyo hiyo na uulize sababu. Ikiwa ni miti au paa, rekebisha na utume picha. Pia, gavana akitangaza hali ya dharura kwa sababu ya moto, kampuni haziruhusiwi kuwaacha wateja wa misimbo ya posta iliyoguswa au inayopakana na moto huo kwa kisingizio cha hatari ya moto, kwa mwaka mmoja, hata kama nyumba zao hazikuungua.

Tunasafiri nyumbani Afrika kwa miezi miwili. Bima inaendelea?

Hati nyingi zina kifungu cha nyumba iliyokaa tupu, mara nyingi kwa siku 30 au 60, ambapo baadhi ya hasara hazilipwi tena. Nyumba yenye samani ambayo wenyewe mtarudi kwa kawaida haihesabiwi kuwa tupu, lakini msikisie: mwandikieni dalali barua pepe mtaje tarehe, na mtunze jibu lake. Mpeni ndugu ufunguo aingie mara kwa mara na kufagia majani. Mkimpangishia mtu, hata kwa miezi miwili, mwambieni dalali, maana bima ya nyumba ya kupangisha ni nyingine.

Nyumba ikiungua, nalipwa nini zaidi ya jengo?

Vyombo, na gharama za kuishi kwingine. Baada ya dharura iliyotangazwa, sheria inawapa waliopoteza nyumba angalau miezi 24 ya gharama hizo, inayoweza kurefushwa hadi 36, ndani ya kiwango cha fedha kilichoandikwa kwenye hati. Kodi ya familia ya watu saba si kodi ya wawili, kwa hiyo kikague kiwango hicho. Ukiamua kutojenga pale pale na kununua kwingine, unaweza kutumia fedha za jengo huko, na kampuni hairuhusiwi kukata thamani ya kiwanja kipya. Leo hii pita na simu kila chumba, fungua makabati, rekodi video, uihifadhi mahali nje ya nyumba.

Moto unawaka kaunti ya jirani na nafunga mkataba wiki hii. Bado nitapata bima?

Huenda usipate. Kampuni husimamisha bima mpya za eneo moto unapowaka karibu, hata kama ulishapewa makadirio. Barua rasmi ya kufunikwa, yenye tarehe ya kuanza, ndiyo inayokulinda. Kama huna, ombeni kampuni ya eskro (inayoshikilia fedha na hati mpaka mauzo yakamilike) na muuzaji wasogeze tarehe.

Kiingereza cha hati ya bima kinanishinda. Nimwulize nani?

Dalali anawajibika kukueleza. Mwambie akusomee kifungu kwa kifungu, na usimtume mtoto wa darasa la nane akutafsirie mkataba wa maisha yako. Idara ya bima ya California hupokea maswali na malalamiko bure kwa simu namba 800-927-4357, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili mwanzoni mwa mazungumzo. Andaa namba ya hati yako, barua ya kampuni na tarehe za mawasiliano kabla ya kupiga.